Majengo ya zamani Arusha na Moshi: nitunze, nibadilishe au nibomoe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndo maswali yanayorudi kila siku kutoka kwa watu wenye nyumba ya babu, fremu ya zamani mjini au jengo la misheni kule mlimani. Nimeanza na mepesi, magumu yako chini, na kama jambo limeshajibiwa sehemu nyingine nakuelekeza huko. Msimamo wangu niuseme mapema: jengo lenye watu ndani na paa zima linadumu sana, kwa hiyo nitakusukuma kwanza ulitumie, kubomoa tuje tukiongelee mwishoni.

## Ya kuanzia

Hivi jengo la zamani ni lipi hasa? Nyumba ya 1970 nayo imo?

Imo. Ila watu wa huku wakisema jengo la zamani mara nyingi wanafikiria ya Mjerumani, ambayo kiukweli yamebaki machache, na linalojulikana zaidi ni Boma la Arusha la mwaka 1900. Kuna ya misheni, Machame, Kilema, Old Moshi na kwingineko, maana wamisionari walianza kujenga huko mwishoni mwa miaka ya 1800. Alafu reli ikafika Moshi 1911, mji ukahamia chini kuifuata, na ndo maana katikati ya Moshi kumejaa maduka ya Wahindi ya enzi ya Mwingereza, chini duka, juu familia inalala, baraza mbele, na juu kabisa ya ukuta wa mbele kuna jina la mwenyewe na mwaka. Arusha nayo ukitembea mitaa ya karibu na Soko Kuu unayaona hayo hayo. Na kuna zile bangalo za maofisa zenye uwanja mkubwa na miti, kama za mtaa wa Shanty Town kule Moshi.

Kundi linalosahaulika ni nyumba za Kiswahili za Kaloleni na Ngarenaro hapa Arusha, na Majengo kule Moshi. Korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo, mbele baraza ambapo mama anauza maandazi asubuhi na jioni wazee wanacheza bao. Hizi hakuna anayeziandikia bango wala kuzipiga picha, na ndo zinazoisha kwa kasi kuliko zote, wiki hii ipo, wiki ijayo ni kifusi na tangazo la apatimenti. Mimi naziweka humu kwa makusudi, historia ya mji wetu sio boma peke yake.

Kwa nini tuhangaike kutunza majengo ya mkoloni? Si tuyaangushe tu?

Swali hili halina ubaya na anayeliuliza ana haki yake. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani pale Old Moshi pamoja na viongozi wenzake, na ni kipindi hicho hicho boma la Arusha lilikuwa linajengwa, tena kwa kazi ya kulazimishwa. Ndo maana mimi nataka libaki. Yale mawe walibeba babu zetu, mtoto wa shule akisimamishwa pale ukutani akaelezwa nani alibeba na kwa nini, anaelewa haraka kuliko akisoma kwenye daftari. Likiondoka, stori inabaki ya kusimuliwa tu, na za kusimuliwa kuna siku mtu anakuja kuzikataa.

Alafu sio yote ni ya mkoloni kwa maana hiyo. Ukumbi wa Kaloleni ambao TANU walikaa Januari 1967 mpaka likatoka Azimio la Arusha nao ni jengo la zamani, dogo, la kawaida kabisa, na ni letu.

Maduka ya katikati ya mji yenye majina ya Kihindi juu ni ya nani saa hizi?

Mengi ni ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Mwaka 1971 ilipita sheria ya kutwaa majengo, ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Ndo maana wazee mpaka leo wanasema "nakaa nyumba ya Msajili". 1990 Msajili akaunganishwa na NHC na nyumba zikaenda huko. Mengine yalibaki kwa familia zenyewe au yamerudi kwao au yameshauzwa, kwa hiyo usiamini maneno ya dalali, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi wa hati kabla hujatoa hata senti.

Jengo likifikisha miaka 100 si linalindwa na sheria moja kwa moja?

Hapana, na hapa ndo watu wengi wanapotea. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kwa umri majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa piga hesabu, Wajerumani huku kwetu wameingia miaka ya mwisho ya 1800, reli 1911, maduka ya Wahindi miaka ya 30 na 40. Yaani karibu kila kitu tunachokiita cha zamani Arusha na Moshi kiko nje ya huo mstari.

Njia iliyobaki ni Waziri mwenye dhamana kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu, au eneo kuwa la hifadhi, na linaingia kwenye Gazeti la Serikali. Likishatangazwa ndo huruhusiwi kuligusa bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale. Kama halijatangazwa, mwenye jengo akipata kibali cha halmashauri anabomoa na hana kosa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "lile haliwezi kubomolewa ni la Mjerumani", muulize limetangazwa lini.

Kuna kitu kimoja ambacho wengi hawakijui, sheria hiyo hiyo inalinda milango ya mbao na fremu zake zilizonakshiwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Sasa hivi kuna watu wanazunguka wananunua milango kwa wazee kwa bei ya kutupa. Mlango wa namna hiyo sio wa kung'oa na kuuza kiholela.

## Kuijua hali ya jengo

Nyumba ina nyufa. Itaanguka?

Nyufa nyingi hazimaanishi jengo linaanguka, ila zipo ambazo ni za kukimbia nazo kwa mhandisi. Nyufa nyembamba kama uzi zinazozunguka zunguka kwenye lipu, hizo ni za lipu. Ufa unaopanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali au mawe, au unaoanzia kona ya dirisha kwenda juu, au ule ambao upande mmoja umejitokeza mbele kuliko mwingine, huo ni wa msingi au wa uzito. Huku udongo mweusi ni mwingi maeneo ya chini, unavimba masika na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo ufa unafunguka na kujifunga kila mwaka.

Cha kufanya ni rahisi. Chukua penseli, weka alama mwisho wa ufa pande zote mbili, andika tarehe pale pale ukutani. Kipande chembamba cha kioo unakigandisha kwa simenti kidogo kuvuka ufa, nacho tarehe. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea. Angalia kabla ya masika, angalia baada, piga picha. Ukienda kwa mhandisi na hizo tarehe na picha utampunguzia kazi na atakuambia kitu cha uhakika, kuliko kumwambia tu "ufa umeongezeka".

Mwaka 2007 matetemeko ya upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai yalisikika mpaka Arusha mjini, kwa hiyo nyumba nyingine zina nyufa za wakati ule ambazo hazijasogea tena. Hizo zinazibwa vizuri na maisha yanaendelea.

Nimepiga lipu mpya ya simenti na rangi nzuri, baada ya masika mbili inabanduka. Fundi kanidanganya?

Inawezekana fundi alifanya kazi safi kabisa, ila kwa kitu ambacho sicho. Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote kwa hiyo naomba unisome hadi mwisho.

Kuta nyingi za kabla ya vita ya pili, na hata baadae kidogo, zimejengwa kwa mawe au tofali kwa udongo na chokaa. Ukuta wa hivyo unanyonya maji kutoka chini na kutoka kwenye mvua, alafu unayatoa nje kupitia lipu ya chokaa ambayo ina vitundu vidogo vidogo. Ndivyo ulivyotengenezwa, kulowana kidogo na kukauka, miaka nenda rudi. Ukija ukaufunika kwa simenti, maji yakishaingia yanakosa pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inaisukuma, na siku unapogonga kwa kidole unasikia sauti tupu kama debe. Ikidondoka inatoka na kipande cha jiwe au tofali, kwa sababu simenti ni ngumu kuliko ukuta wenyewe. Kwa hiyo unapiga nyingine, nene zaidi, na kila ukirudia ukuta ndo unaliwa. Nimeona ukuta Moshi mjini ambao lipu imepigwa tabaka juu ya tabaka mpaka kizingiti cha dirisha kimezama ndani, na nyuma yake tofali zimekuwa unga wa kuchota na mkono.

Kujua una ukuta gani, chukua msumari ukwaruze kiungo kati ya mawe sehemu ambayo haijafunikwa, chooni au nyuma ya nyumba. Ikitoka unga mweupe au wa udongo kirahisi, ni chokaa au udongo. Kama msumari unateleza tu na rangi ni ya kijivu, ni simenti, na hapo lipu ya simenti haina shida.

Sasa hiyo chokaa naipata wapi, na fundi wa leo anaijua?

Chokaa ya mifuko ipo madukani, wengi wanaijua kama ya kupaka ukuta. Inalowekwa kwenye pipa au shimo, inafunikwa na maji, inaachwa, na kadiri inavyokaa inakuwa laini kama siagi. Kwa lipu watu wengi wanaenda na chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga uwe umeoshwa, wenye punje za kuchanganyika. Ukuta unamwagiwa maji kwanza. Unapiga tabaka jembamba, unaacha likauke taratibu, unafunika na magunia mabichi jua lisilipige, alafu la pili. Haina haraka kama simenti, inakomaa kwa kuvuta hewa, kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka kuhamia wiki ijayo atateseka. Macho na mikono vilindwe, chokaa inaunguza, na ikiingia jichoni ni maji mengi papo hapo alafu hospitali.

Mafundi vijana wengi hawajawahi kuishika, hilo ni kweli. Ukipata mzee aliyefanya kazi za misheni au za nyumba za reli, mlipe awe msimamizi na vijana wafanye. Na uanze na ukuta mmoja wa nyuma, muone matokeo.

Nina hela kidogo. Nianze na nini?

Paa na gata. Sio rangi, sio tarazo, sio geti. Maji yakiingia kwenye kenchi yanashuka kwenye ukuta, mbao inaoza pale inapokaa ukutani ambapo huioni, mchwa wanafuata unyevu, na hapo ndo nyumba inaanza kufa.

Panda juu kabla ya masika, angalia misumari iliyolegea, angalia bonde la paa ambapo majani yanajaa (Moshi mijakaranda na mikenge inajaza gata haraka sana), angalia gata linamwaga wapi. Kama linamwaga pale pale mguuni mwa ukuta, weka bomba au mfereji upeleke mbali. Bati za zamani nyingi ni nene kuliko geji 30 ya leo, kwa hiyo usizitupe kwa sababu ya kutu ya juu juu tu, zikwaruzwe zipakwe rangi. Baada ya paa punguza udongo uliorundikana nje kuzunguka nyumba, mara nyingi uwanja umepanda mpaka ukawa juu kuliko sakafu ya ndani, ndo maana chumba kinanuka unyevu.

Mchwa je?

Ondoa maji kwanza, soma jibu la hapo juu, alafu ndo uite mtu wa dawa. Ukipiga dawa na gata linavuja watarudi.

## Kubadili matumizi

Kubadili jengo kuwa kitu kingine kunafanikiwa kweli, au ni maneno ya semina?

Kunafanikiwa na mifano tunapita mbele yake kila siku. Boma la Arusha lilianza kama ngome, likawa ofisi za serikali, na toka 1987 ni makumbusho. Ukumbi wa Kaloleni wa 1967 ukawa Makumbusho ya Azimio la Arusha mwaka 1977.

Lakini mfano ninaoupenda ni AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa Arusha. Yale majengo yalijengwa yawe makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, yaani nyumba inamalizwa na mwenyewe hayupo. Yakafanywa kituo cha mikutano 1978. Kuanzia 1995 mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda ikafanya kazi humo hadi ikafungwa mwisho wa 2015, na Jumuiya iliyofufuka nayo ikarudi humo humo kupanga kabla haijahamia jengo lake. Jengo moja, kazi tofauti kabisa, na hakuna aliyeona haja ya kuliangusha kila mwenye nyumba alipobadilika.

Na reli usiisahau. Treni ya abiria ilikuwa imekufa huku kaskazini miaka mingi, ikarudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Stesheni za zamani zilikuwa bado zimesimama, zikapokea abiria tena. Kama kuna mtu angezigeuza kifusi katika hiyo miaka tungekuwa na hadithi nyingine.

Nataka kugeuza bangalo iwe mgahawa au hosteli ya watalii. Nianzie ofisi gani?

Anzia halmashauri kwa ofisa mipango miji. Kama hati yako ni ya makazi, biashara inahitaji kibali cha kubadili matumizi, na majirani wanapewa nafasi ya kupinga, kwa hiyo kaongee nao mapema kabla hawajashtukia tangazo. Kodi ya pango la ardhi nayo itabadilika kufuata matumizi mapya. Ukishapata hapo ndo kibali cha ujenzi kwa ajili ya marekebisho, na michoro iwe ya msanifu aliyesajiliwa. Zimamoto watataka kuona njia za kutokea, OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) watataka kusajili sehemu ya kazi, na afya watataka jiko na vyoo. Usianze kuvunja kuta za ndani huku unasema vibali vitakuja, ukisimamishwa kazi katikati na paa liko wazi masika ikakukuta, jengo ndo litakalolipa.

Kwa ushauri wa kawaida: vyoo na jiko vipya jenga nyuma kama kibanda cha pembeni kilichounganishwa, usitoboe kuta nene kupitisha mabomba ya maji machafu. Waya za umeme zote zibadilishwe, za zamani zilizofunikwa kitambaa au mpira uliokauka ni moto unaosubiri siku. Baraza uliache baraza, usilizungushie aluminiamu na vioo. Mgeni anayekuja Moshi anataka kukaa pale anywe kahawa akiangalia mlima ukifunguka asubuhi, na wewe unakifunga kitu ambacho ndo kinauza.

Mimi ni mpangaji wa NHC, naweza kurekebisha?

Rangi na usafi sawa. Kugusa ukuta, kutoboa mlango, kuongeza sakafu ya kati ndani ya duka, hiyo ni mpaka ruhusa ya maandishi ya shirika. Pia andika barua kila paa likivuja na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, inakusaidia siku wakisema jengo limechoka lote na lazima liondolewe.

Naweza kupandisha ghorofa juu ya duka la zamani?

Mara nyingi hapana. Kuta za mawe na chokaa na msingi wake vilipimwa kwa uzito wa wakati ule. Njia inayofanyika ni kubakiza ukuta wa mbele na chumba cha kwanza, alafu jengo jipya linasimama nyuma kwa nguzo zake lenyewe bila kuegemea la zamani. Ni gharama, inataka mhandisi wa kweli sio fundi mwenye uzoefu tu, lakini mtaa unabaki na sura yake na wewe unapata ghorofa zako.

## Kubomoa

Ni wakati gani kubomoa ni sahihi?

Pale mhandisi aliyesajiliwa amesema kwa maandishi kwamba muundo umeshindwa na gharama ya kuuimarisha haibebeki. Au jengo liko mkondo wa maji na kila masika linachukua mafuriko. Sababu ya "limepitwa na wakati" sio sababu. "Limechafuka" pia sio sababu. Na kama ripoti ya kwamba halifai imeandikwa na mtu anayelipwa na yule anayetaka kiwanja, tafuta ya pili.

Kibali cha kubomoa kinahitajika kweli kwenye nyumba yangu mwenyewe?

Kinahitajika mjini, kinatoka halmashauri. Kata maji na umeme rasmi kabla, TANESCO waje wenyewe waondoe waya, AUWSA au MUWSA (mamlaka za maji za Arusha na Moshi) wafunge. Mkandarasi awe amesajiliwa. Wale vijana wa nyundo wanaobomoa kwa kulipwa na nondo na mbao watakazookota hawana bima, na ukuta ukimwangukia mmoja kesi ni yako. Kwa mradi mkubwa unaofuata baada ya hapo, ujue NEMC (baraza la taifa la mazingira) watahitaji tathmini ya mazingira.

Paa ni la asbesto. Tunafanyaje?

Yale mabati ya kijivu ya saruji, yenye mawimbi, yapo mengi kwenye shule, hospitali na nyumba za taasisi za miaka ya 60 na 70. Yakiwa mazima na hayaguswi, hatari ni ndogo. Hatari inaanza ukiyavunja, kuyakata kwa msumeno, kuyatoboa au kuyakwaruza, vumbi lake likiingia kwenye mapafu linakaa, na saratani yake inakuja baada ya miaka mingi sana kiasi kwamba mtu hakumbuki hata alifanya kazi wapi.

Kwa hiyo usitume vijana wapande na nyundo. Ongea na NEMC na halmashauri, kazi ifanyike na wenye vifaa, karatasi zilowanishwe maji, zishushwe nzima nzima, zifungwe kwenye nailoni nzito na zizikwe pale watakapoelekezwa. Na jamani, vipande vya asbesto sio vya kufunikia banda la kuku wala kujazia shimo barabarani.

Vitu gani nivitoe kabla nyundo haijaanza?

Milango, madirisha yenye vyuma vya zamani, bawaba za shaba, tarazo kama inatoka, vigae vya paa, mawe ya kona yaliyochongwa. Na kenchi. Mbao za mvule au mkulo zilizokaa kavu miaka 70 huzipati dukani kwa bei yoyote, na nimeona zinachomwa kupikia ugali wa vibarua. Seremala wa Kiborloni atakutengenezea meza ambayo wajukuu wataikuta.

Alafu kabla ya yote piga picha kila chumba, pima, chora hata kwa mkono, na andika wazee wanachokumbuka kuhusu nyumba. Nakala mpe mtu wa makumbusho au maktaba.

Jirani anachimba msingi wa ghorofa ukutani kwangu.

Usisubiri. Piga picha kuta zako zote leo zikiwa na tarehe, weka alama kama nilivyoeleza kwenye swali la nyufa, alafu nenda kwa mhandisi wa halmashauri ukiwa na barua na nakala kwa mtendaji wa kata. Uliza kibali chake na njia ya kuzuia udongo usiporomoke. Jengo la Kariakoo lilipoanguka Novemba 2024 kila mtu alilia, huku kwetu mashimo marefu pembeni ya kuta za mawe zisizo na nguzo yapo na watu wanapita tu.

## Kesi ngumu

Baba kafariki, kaka mkubwa anataka kubomoa ajenge fremu, sisi wengine hatutaki.

Kama mirathi haijafunguliwa hakuna mwenye mamlaka ya kubomoa, hata kaka mkubwa. Ukoo ukae, msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani, na yeye ndo atagawa au kusimamia. Kama kuna mtu ameshaleta vibarua, mahakama inaweza kuzuia kwa muda, wahi.

Lakini nje ya sheria, mara nyingi ugomvi huu ni wa hela. Kaka anaona kiwanja kipo barabarani na hakiingizi kitu. Mkimletea mpango, kwamba vyumba viwili vya mbele vinakuwa fremu kwa milango iliyopo, nyuma anabaki mama, kodi inagawanywa, anasikiliza. Mkimletea machozi ya kumbukumbu peke yake, atajenga.

Nyumba yetu imewekewa alama ya X ya kubomolewa kupisha barabara. Ndo basi?

Angalia rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. X nyekundu ni kwa aliye ndani ya eneo la zamani, huyo anahesabika kavamia na fidia hana. X ya kijani ni kwa yule aliyekutwa na ile nyongeza, huyo anastahili kulipwa eneo likihitajika. Sasa nyumba za zamani zina jambo lake, nyingine zilijengwa kabla barabara haijapanuliwa kabisa, kwa hiyo tafuta hati, ramani ya zamani, risiti za kodi, picha za familia zenye barabara nyuma. Mpeleke mthamini wako, usitegemee wa upande wa pili tu.

Nyumba ya babu iko kihambani (shamba la ukoo la Kichagga) na makaburi yapo pembeni. Inaruhusiwa kuigeuza ya wageni?

Halmashauri inaweza kuruhusu, ila kihamba ni cha ukoo, na makaburi yana wenyewe. Wazee wakae kwanza, wakubaliane nini mgeni anaoneshwa na wapi haruhusiwi kukanyaga. Nyumba nyingi za mawe za miaka ya 50 huko Marangu na Machame zilijengwa kwa hela ya kahawa kipindi cha KNCU (ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro), ziko imara kabisa, shida yake ni kwamba watoto wote wako Dar na zinafunguliwa Desemba tu. Nyumba iliyofungwa miezi kumi na moja inaoza, mpangisheni hata mwalimu wa shule ya karibu kwa kodi ndogo awashe moto jikoni na kufungua madirisha.

Kanisa letu la zamani limekuwa dogo, kamati inataka kulibomoa.

Jengeni jipya pembeni, la zamani libaki kanisa la watoto, la ibada za katikati ya wiki, la misiba midogo, au maktaba. Kama kiwanja hakitoshi, mwombeni msanifu aonyeshe kulirefusha kwa nyuma. Waumini wengi huko mlimani mababu zao walibeba mawe ya kanisa hilo kichwani kutoka mtoni, na kamati inayolijua hilo inakwenda polepole.

Nimesikia jengo la mtaani kwetu litabomolewa, sio langu, nina cha kufanya?

Una nafasi ndogo lakini ipo, na inategemea kuwahi. Nenda mtaa ukaulize kama kibali kimeombwa. Andikeni barua ya wakazi, wengi kadiri mnavyoweza, kwenda kwa mkurugenzi wa jiji au manispaa, nakala Idara ya Mambo ya Kale na makumbusho ya Boma. Elezeni jengo ni la lini, nani alikaa, nini kilifanyika hapo, ambatanisheni picha, na ombeni litathminiwe kama linafaa kutangazwa (ule mchakato niliousema kwenye swali la miaka 100). Diwani mpelekeeni mkononi.

Na mtafuteni mwenye jengo kabla hamjaenda kwenye redio. Wengi hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba jengo lao lina thamani, wameambiwa na madalali tu kwamba kiwanja kina thamani. Nendeni na mtu mmoja anayejua kuta, na mmoja anayetafuta sehemu ya kupanga na yuko tayari kulipa kodi ya mwaka. Huyo wa pili ndo atakayesikilizwa kwanza.